Mwongozo wa Kuziweka Windows na Linux Katika Kompyuta Moja

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuitolea Windows 10 masahihisho yake ya kawaida ya usalama, na tangu siku hiyo kompyuta chungu nzima ambazo viungo vyake vyote ni vizima, ila hazina kile kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho Windows 11 imekifanya kuwa sharti, zimewatia wenyewe katika mashaka ya kuchagua baina ya mambo mawili yasiyopendeza: ama kutafuta fedha za kununua mashine mpya, ama kuendelea kuingia katika intaneti kwa mfumo usiolindwa. Wako wanaowashauri wafute Windows yote na kuweka Linux mahali pake, na ushauri huo si mbaya kwa mtu ambaye kazi yake ni kuandika, kusoma barua pepe na kutazama video. Lakini mhasibu ambaye hesabu za duka zimo katika programu isiyokubali kukaa ila ndani ya Windows, au mwalimu ambaye mashine ya kuchapia ya shule yake haisikilizi amri za mfumo mwingine, hawezi kuufuata pasipo kujidhuru. Kwa mtu wa namna hiyo iko njia nyingine, nayo ni kuiacha Windows pale pale ilipo, kukata kipande cha diski kuu, na katika kipande hicho kuweka Linux, ili kila kompyuta iwashwapo mwenyewe aulizwe anautaka mfumo gani. Windows hiyo kongwe ataitumia kwa hesabu zake bila kuiunganisha na intaneti, na kwa haja nyingine zote ataingia Linux, ambayo masahihisho yake hutolewa bure.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini hofu hiyo haina mahali hapa maadamu kila nahodha anashika usukani mwenzake akiwa ameshuka. Mfumo mmoja tu ndio unaokuwa macho kwa wakati mmoja, na wa pili huwa ni mafaili yaliyotulia katika diski. Hatari ya kazi hii, kwa hiyo, haimo katika kuwapo kwa mifumo miwili, wala haimo katika ule muda wa kuingiza Linux, ambao kwa mashine ya wastani ni mfupi na huhitaji kubofya mara chache tu. Hatari imo katika yale yanayotakiwa kufanywa kabla yake, ambayo watu huyaruka kwa haraka ya kutaka kuona kitu kipya. Aliyepoteza picha za harusi yake au tasnifu ya miaka miwili, aghalabu hakuzipoteza kwa ubaya wa Linux. Alizipoteza kwa kuchomeka flashi siku ambayo alistahili kuwa bado anahifadhi nakala. Nakuomba basi, msomaji, usione kuwa nakuchelewesha nikikaa sana katika maandalizi, kwa kuwa ndiyo kazi yenyewe.

La kwanza ni nakala za akiba. Chukua diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, nakili humo kila faili ambalo usingependa kulikosa, kisha uifungue diski hiyo katika kompyuta nyingine na kujaribu faili mojamoja hapa na pale, ili uhakikishe kwamba ulichohifadhi kinafunguka. Katika nchi zetu imeenea dhana kwamba faili likihamishwa kutoka C: na kuwekwa D: limekuwa salama, nami sina budi kuipinga dhana hiyo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu C: na D: aghalabu ni sehemu mbili za diski ile ile, na mkono utakaokosea kuifuta moja unaweza kuzifuta zote. Nakala ni ile iliyo nje ya mashine, imechomolewa, na imewekwa kabatini.

La pili ni kufuli ya BitLocker. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows 11, na baadhi ya zile za Windows 10, hufunga diski yote kwa usimbaji fiche bila mwenyewe kuwa na habari, mara tu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Na kufuli hiyo huangalia namna mashine inavyowashwa, ikiona utaratibu umegeuka hukataa kufunguka mpaka ipewe ufunguo wa uokozi wenye tarakimu 48. Mtu asiyeujua ufunguo huo hana fundi wa kumsaidia, awe stadi kiasi gani. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika `manage-bde -status`, na usome kama diski imefungwa. Ikiwa imefungwa, ingia katika akaunti yako ya Microsoft, utafute ufunguo huo ulikohifadhiwa, na uunukuu kwa kalamu katika karatasi, mafungu manane ya tarakimu sita sita, ukihakiki kila fungu. Ndipo uzime usimbaji katika mipangilio na kuiacha mashine ijifungue taratibu, jambo ambalo kwa diski kubwa laweza kuchukua saa kadhaa. Ukipenda utaurudisha baadaye.

La tatu ni lile linaloonekana dogo kuliko yote, nalo limewasumbua watu kuliko yote. Windows unapoizima kwa namna ya kawaida haizimiki kweli; kwa ajili ya kuwaka upesi asubuhi, huandika hali ya kiini chake katika diski na kulala, na sehemu zake za diski huziacha kama zilivyo, zimeshikwa nusu nusu. Huyo ni nahodha ambaye hakushuka chomboni, amesinzia tu usukani ukiwa mkononi mwake. Linux ikiamka na kuikuta sehemu ya Windows katika hali hiyo, hukataa kuandika humo, na hufanya vema kukataa, kwani kuilazimisha ni kuyaharibu mafaili ambayo Windows inadhani bado inayakumbuka. Dawa yake ni amri moja, `powercfg /h off`, iandikwayo katika lile lile dirisha la msimamizi: huondoa usingizi huo na kuwasha kwa haraka pamoja nao, na fauka ya hayo hulifuta faili kubwa lililokuwa likitumika kuhifadhia hali ya kulala, hata ukapata nafasi zaidi ya diski. Kompyuta itachelewa kidogo kuwaka, na hiyo ndiyo gharama yake yote.

Halafu itambue mashine yako. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, na uangalie mstari uitwao BIOS Mode. Ukisoma UEFI, una mashine ya utaratibu wa kisasa, ambayo programu za kuwashia mifumo yote hukaa pamoja katika sehemu moja ndogo ya diski, kila moja katika folda yake, bila kusukumana. Ukisoma Legacy, una utaratibu wa zamani, na diski yako yamkini ina jedwali la MBR ambalo haliruhusu zaidi ya sehemu kuu nne. Lililo muhimu kulikumbuka ni kwamba Linux iingizwe kwa utaratibu ule ule uliotumika kuingizia Windows. Mmoja akiwekwa kwa UEFI na wa pili kwa ule wa zamani, hawataonana katika orodha moja, nawe utahangaika bila kuijua sababu.

Sasa waweza kukata nafasi, na kazi hii iachie Windows yenyewe kwa kuwa inaijua vizuri zaidi sehemu yake. Bonyeza tena nembo ya Windows na R, andika `diskmgmt.msc`, bofya kulia juu ya C: na uchague Shrink Volume. Utaulizwa upunguze megabaiti ngapi. Watengenezaji wa Linux Mint, sura ya Linux nitakayoipendekeza hapa chini, wanataja GB 20 kuwa kiasi cha chini na kupendekeza GB 100. Mimi naona mwenye diski ya wastani atosheke na GB 60, na kwa kuwa gigabaiti moja hapa ni megabaiti 1,024, ataandika 61440. Hutokea mara nyingi kwamba diski ina GB 150 tupu lakini Windows inakubali kuachia GB 9 tu, na mtu hudhani mashine imeharibika. Haikuharibika. Iko aina ya mafaili ambayo Windows haiwezi kuyasogeza ilhali yanatumika, na faili moja tu la namna hiyo likiwa limekaa mwishoni mwa diski huzuia nafasi yote iliyo kabla yake. Lile faili la usingizi tumekwisha kuliondoa. Zima pia kwa muda hifadhi ya kurudisha mfumo nyuma na faili la kumbukumbu ya ziada, washa mashine upya, ujaribu tena, na aghalabu mlango hufunguka. Ukishaipata nafasi, iache kama ilivyo, tupu na bila jina. Usiifanye sehemu mpya, na hasa kama diski yako ni ya zile zenye sehemu kuu nne tayari, ukiulizwa na Windows iigeuze iwe ya aina ya Dynamic, kataa katakata, kwa sababu Linux haitaweza kuingia humo kwa njia nyepesi na kurudi nyuma ni taabu.

Juu ya Linux yenyewe sitasema mengi. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na leo inatolewa kwa sura nyingi ambazo kiini chake ni kimoja. Ubuntu, iliyoasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, ni mashuhuri na ina msaada mwingi. Lakini kwa aliyezoea Windows mimi humpendekezea Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, maana menyu yake iko chini kushoto pale macho yalipozoea kuitafuta, na mashine yenye RAM ya GB 4 huiendesha bila kulemewa. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, limeahidiwa masahihisho hadi mwaka 2029.

Faili lake la kuingizia, liitwalo ISO, linakaribia GB 3, na kwa mwenye kutegemea bando la simu hilo si jambo la kupuuza. Hakuna aibu kulichukua kwa rafiki aliyekwisha kulipakua, mradi ulihakiki: weka faili katika kompyuta, andika `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, na Windows itakupa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, ambao ni lazima uwe sawasawa na ule uliochapishwa na watengenezaji wenyewe. Herufi moja ikitofautiana, faili limekatika njiani au limeguswa na mtu, lifute. Likiwa sahihi, chukua flashi ya GB 8 isiyo na kitu unachokithamini, kwa kuwa itafutwa yote, na kwa programu ya Rufus uiandike ISO hiyo ndani ya flashi, ukichagua GPT ikiwa mashine yako ni ya UEFI.

Zima kompyuta, chomeka flashi, uiwashe huku ukigonga kitufe cha kuchagulia chanzo cha kuwashia: kwa Dell na Lenovo ni F12, kwa HP ni Esc kisha F9. Kikikushinda, ingia Windows, shikilia Shift huku ukibofya Restart, na katika ukurasa utakaotokea uchague kutumia kifaa kingine. Linux itaamka kutoka katika flashi bila kugusa diski, na hapa nakusihi usikimbilie kuiingiza. Ijaribu kwanza. Unganisha Wi-Fi, cheza wimbo usikie sauti, punguza mwanga wa kioo, jaribu kamera, chomeka mashine ya kuchapia. Kama Wi-Fi haionekani, jambo litokealo kwa baadhi ya kadi, unganisha simu yako kwa waya wa USB na uigawe intaneti yake kwa njia hiyo. Itakufaa mpaka upate kiendeshi cha kadi. Na ikiwa Linux haiioni diski yako kabisa, sababu ya kawaida ni kwamba mashine imepangwa katika hali ya Intel RST badala ya AHCI. Usiibadilishe hapo kwa papo, kwa kuwa Windows isiyotayarishwa itakataa kuwaka, bali rudi Windows, uiagize iwake katika hali ya usalama, ubadilishe mpangilio, uiwashe mara moja katika hali hiyo, ndipo uirudishe kawaida.

Jaribio likikuridhisha, ingiza chaja ukutani, na wenye kompyuta ya mezani isiyo na betri wangoje saa ambayo umeme ni thabiti, kwa kuwa kukatika kwake katikati ya kuandika diski ndiko kunakozaa hasara. Fungua programu ya kuingizia. Itakuuliza lugha, kibodi, kisha jambo ambalo ndilo peke yake la kulisoma mara mbili: aina ya uingizaji. Chagua lile linalosema kuweka Linux Mint sambamba na Windows Boot Manager. Lile linalosema kufuta diski linafuta diski, pamoja na Windows, hesabu na picha. Ikiwa unalolitaka halimo, chagua Something else, bofya ile nafasi tupu ya GB 60, itengeneze kuwa ya aina ya ext4 na kituo chake kiwe alama ya mkwaju `/`. Ile sehemu ndogo ya EFI iliyokwisha kuwapo itumie bila kuiweka alama ya kufutwa. Yaliyobaki, saa za eneo, jina na nywila, hayana uzito.

Kama katika kuingiza ulikubali viendeshi vya ziada na mashine yako ina ulinzi wa Secure Boot, utaombwa nywila ya muda, iandike pembeni. Mashine itakapowaka tena utatokea ukurasa wa buluu wenye maneno Perform MOK management, unaongoja sekunde chache tu, na wengi huuacha upite kwa kudhani ni hitilafu, kisha hushangaa kwa nini Wi-Fi haifanyi kazi. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, kubali, na utoe nywila ile. Baada ya hapo itaonekana menyu ya kuchagulia mfumo, iitwayo GRUB, yenye Linux juu na Windows chini. Windows ikikosekana, fungua faili la `/etc/default/grub` kwa mamlaka ya msimamizi, ongeza mstari `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, halafu andika `sudo update-grub`. Kabla ya kufanya lolote jingine ingia katika kila mfumo mara moja, uone kwamba yote miwili imo.

Siku hiyo hiyo utakutana na ajabu ya saa. Utatoka Linux, utaingia Windows, na utakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu. Sababu yake ni kwamba katika ubao wa kompyuta mna saa ndogo inayoendeshwa na betri, ambayo Windows huichukulia kuwa inaonyesha wakati wa mahali, ilhali Linux huichukulia kuwa inaonyesha wakati wa kimataifa wa UTC. Na kwa kuwa Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele ya UTC kwa saa tatu, kila mfumo humsahihisha mwenzake vibaya kwa kiasi hicho. Aliye Muscat ataona tofauti ya saa nne, na aliye Lubumbashi ya saa mbili. Kwa mwenye duka si jambo dogo, maana risiti zake zitakuwa na wakati usio wa kweli. Ingia Linux, andika `sudo timedatectl set-local-rtc 1`, na mifumo itapatana. Linux itakuonya kwamba mpango huo una kasoro, na kasoro yenyewe yahusu hasa nchi zinazosogeza saa zao mbele na nyuma kwa majira ya mwaka. Kwetu, ambako saa haisogezwi, onyo hilo halitudhuru.

Ama mafaili, Linux husoma na kuandika katika sehemu za Windows, lakini Windows haiijui ext4. Hati unazozihitaji pande zote mbili ziweke basi katika sehemu ya Windows, ambayo ni ya aina ya NTFS. Mint huja na LibreOffice, ambayo hufungua hati za Word na Excel, ingawa jedwali lenye mapambo mengi laweza kusogea. Na yafaa vijana wajue kwamba LibreOffice ilitoka katika OpenOffice, ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliivisha Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi ya heshima ambayo ingestahili kuendelezwa kuliko ilivyoendelezwa. Ukiwa ndani ya Windows na kufungua tena ukurasa wa diski, utaona sehemu isiyo na jina wala herufi. Hiyo ndiyo Linux yako. Usiifute kwa kuidhani nafasi iliyosahauliwa, na mwambie hivyo fundi yeyote utakayempa mashine.

Baada ya sasisho kubwa Windows hutokea ikajirudisha mbele, menyu ya GRUB isionekane, na mtu akadhani Linux imefutwa. Ingia katika mipangilio ya UEFI, tafuta orodha ya kuwashia, na upandishe juu jina la ubuntu, kwa kuwa Mint pia hujiandikisha kwa jina hilo; kwa kawaida hilo latosha. Na kwa sababu hiyo hiyo, anayeanza na mashine tupu aingize Windows kwanza na Linux baadaye.

Ikiwa siku moja hutaitaka Linux tena, usianze kwa kufuta sehemu yake. Anza kwa kuipandisha Windows Boot Manager juu katika orodha hiyo ya UEFI, washa mashine na uhakikishe inaingia Windows moja kwa moja bila kupita GRUB, hamisha hati zako zote kutoka Linux, ndipo ufungue `diskmgmt.msc`, uifute ile sehemu isiyo na jina, na uchague Extend Volume juu ya C:. Chaguo hilo hufanya kazi tu pale nafasi iliyoachwa ipakanapo na C: kwa upande wa kulia; ikiwa kuna sehemu nyingine iliyosimama katikati, ifanye nafasi hiyo kuwa diski ya D: na uitumie kwa hati.